Mwalimu wa Ngumbaru na Wanjiku Asiyepatikana

Mwalimu hakupanda ngazi za mtaa wetu wa Pipeline. Alikuja hadi mlangoni mwa ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, akasimama katikati ya ndoo za maji na nguo zinazochuruzika, akainua kichwa na kupaza sauti mpaka orofa ya juu kabisa: "Mama Brayo! Darasa!" Basi, ploti nzima ilijua. Mimi nilikuwa nimeficha daftari chini ya soksi kwenye mkoba wangu wa biashara, nimewaambia majirani naenda chama, na mwanamke huyu anatangaza kwamba Mama Brayo, mama mzima mwenye mtoto wa sekondari, anakwenda ngumbaru kujifunza kusoma.

Nilishuka nimefura. Nikamwambia, "Mwalimu, si ungenipigia simu?"

Akanitazama kutoka viatuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa. "Ningekupigia, ungesema uko Eastleigh unachukua mzigo. Nikiita hapa chini, huo uongo utaupitishia wapi?" Akageuka akaenda zake. Nikamfuata, ningefanya nini?

Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina. Makanga kituoni walimwita Mwalimu, mwenye duka la dawa alimwita Mwalimu, na mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi na nyumba mtaa wa Fedha, akipiga simu alianza, "Eeh, Mwalimu, umekula?" Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Wenzake wakistaafu hurudi nyumbani kulima. Yeye alisema hana ugomvi na mahindi lakini mahindi hayamhitaji, akahamia kwa huyo mwanawe na kuanza kutukusanya sisi.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Ukumbi wenyewe ni wa siku za kanseli, lile baraza la jiji la zamani, mabati yameliwa na kutu, sakafu imepasuka pasuka. Lakini usiudharau. Humo ndimo tunamofanyia michango ya mazishi, humo vijana wanapigana ndondi, humo kanisa moja lisilo na jengo husali Jumapili, humo binti ya jirani yangu aliolewa mvua ikinyesha nje na ndani. Mtu anayeishi kwenye chumba kimoja na watoto wanne atawakalisha wapi wageni wa msiba? Ndiyo maana tuliupenda ukumbi ule, si kwa uzuri.

Mwalimu alikuwa mtu wa kukasirisha. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani naandika habari za malaika. Hakujua kunong'ona. Alivaa sketi iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukawa kama kisu, viatu vimeng'aa, na akikuona umekuja na ndala alizitazama ndala zako kwa muda mrefu kuliko uso wako. Mtu akikohoa wakati wa kusoma, alisema, "Kohoa ukimaliza sentensi." Mtu akisema hajui, alisema, "Sikukuuliza kama unajua, nimekuuliza imeandikwa nini." Alichukia Sheng kama mtu anavyochukia kunguni. Vijana wa ndondi walipomsalimu, "Niaje, Mwalimu?" alisimama pale pale. "Niaje ndiyo nini? Rudi mlangoni uanze upya." Na majitu yale yenye misuli yalirudi mlangoni, yakaingia tena, yakasema shikamoo. Lakini siku moja makanga alimvuta mkono amwingize garini kwa nguvu, na mimi kwa masikio yangu haya nilimsikia akisema kwa Sheng safi, "Buda, usinizoee!" Makanga aliuachia ule mkono. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akanionya nisimsimulie mtu yeyote, nami nimenyamaza mpaka leo.

Ubahili wake ulikuwa wa ajabu pia. Alikatakata chaki vipande vidogo kama vidonge, akitugawia kama mtu anayetoa dawa ya nguvu. Nyanya za mtu alizibinyabinya na kuzirudisha. Lakini mama mmoja wa darasani, Nafula, anayefulia watu nguo, alipofiwa na mumewe, Mwalimu ndiye aliyelala kwake wiki nzima, akipika, akifukuza wale jamaa waliokuja kuuliza habari za vyombo vya marehemu kabla hajazikwa. "Rudini kwenu mlie kwanza," aliwaambia. "Mkishalia vizuri mje tuzungumze sufuria." Hawakurudi.

Sasa, Wanjiku.

Kitabu chetu cha kusomea kilikuwa Katiba. Mwalimu alikuwa nayo ya Kiswahili, jalada limetoka, na alitusomesha kwayo kwa kusudi. Tulipolalamika kwamba maneno ni mazito, si afadhali hadithi za sungura, ndipo akatusimulia chanzo cha jina lile ambalo kila mtu nchini analisikia. Alisimulia amesimama, mikono nyuma, kama anayesoma taarifa ya habari. Zamani, wananchi walipokuwa wakidai katiba mpya, mkubwa mmoja aliuliza kwa dharau kama Wanjiku anaelewa chochote kuhusu katiba. Alichukua jina hilo kwa sababu ni la kila kona upande wa Mlima Kenya, jina la kale, la mmoja wa mabinti ambao watu wa huko husimulia kwamba ndio walioanzisha koo zao. Maana yake ilikuwa: mama wa sokoni, mtu wa chini, huyo atajua nini? Watu wakalidaka jina. Wachoraji wa vibonzo wakampa sura, mama wa kitambaa kichwani anayechungulia kila mahali wakubwa wanapokula. Tusi likageuka cheo. Leo hakuna mwanasiasa anayemaliza hotuba bila kumtaja Wanjiku, na wengi wao hawajawahi kumkaribisha hata chai.

"Angeuliza kwa adabu," Mwalimu akamalizia, "tusingepata hilo jina. Haya, ukurasa wa kwanza. 'Sisi, watu wa Kenya.' Soma, Mama Brayo."

Nilisoma. Jasho lilinitoka, lakini nilisoma.

Usidhani tulilikubali jina lile hivi hivi. Mimi nilisema wazi kwamba kwetu ni Kakamega na sioni kwa nini niitwe jina la watu wengine, kwani jina la kwetu, Nekesa, lina kasoro gani? Darasa likacheka, wengine wakapiga makofi. Ndipo akasema Mama Halima, mwenzangu wa benchi, anayeuza mitandio Eastleigh. Wazazi wake walivuka mpaka wakikimbia vita, yeye akazaliwa hapa hapa Nairobi, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alisema polepole, "Nyinyi mnachagua. Mimi askari akinisimamisha njiani, haniiti Wanjiku. Ananiambia, leta kitambulisho."

Kicheko kikakatika. Mwalimu aliweka chaki mezani, akapangusa vidole kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitafuta maneno.

"Jina hili hatukupewa kama zawadi," akasema. "Lilitupwa, watu wakaliokota. Sasa wewe usingoje askari ndiye akuokotee. Okota mwenyewe."

Nilimwona Mama Halima akiandika "Okota" kwenye jalada la daftari lake, kwa herufi kubwa.

Halafu Mwalimu akatupa kazi ya nyumbani iliyonitia wazimu. Kila mtu aandike sentensi chache: Wanjiku ni nani, na anaishi wapi? Nilikesha na sentensi zile. Alhamisi tukazisoma mmoja mmoja. Mimi niliandika kwamba Wanjiku ni mama anayetandaza sukuma wiki chini kwenye gunia, hana kibanda. Mimi nina kibanda, unaona. Mama Halima aliandika kwamba Wanjiku ni mama anayewafulia watu nguo. Nafula, ambaye ndiye hasa anayefulia watu nguo, aliandika kwamba Wanjiku ni mama yake aliyeko kijijini, hana hata simu. Wote waliobaki waliandika vivyo hivyo, kila mmoja akionyesha kidole chini. Mwishoni yule mtoto wa Mwalimu akafika kumchukua mamake, na Mwalimu akamtupia swali mlangoni. Akajibu bila kufikiri, "Wanjiku? Si ni hawa wa Pipeline."

Lo! Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka peke yake. Kisha cheko likageuka hasira, maana kwake vitu hivyo viwili vilikaa nyumba moja.

"Mnamsukuma huyu mtu!" akasema. "Fedha wanamsukumia Pipeline, Pipeline wanamsukumia kwa mfuaji, mfuaji anamsukumia kijijini. Mkiendelea hivi, wiki ijayo atakuwa Uganda! Mnaposema serikali imsikilize Wanjiku, imsikilize nani? Hayupo! Mmemfukuza wenyewe!"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Niliona ametuonea, kwani mtu akijitoa kidogo kwenye umaskini ni kosa? Nimepambana mpaka nikapata kibanda chenye mlango wa kufunga, na sasa naambiwa nirudi chini nikakae na wasio nacho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa akisema habari za umaskini. Alikuwa akiuliza nani atajibu likiitwa jina. Nilipoelewa sikumwambia, angevimba kichwa.

Tena yeye mwenyewe hapo ndipo palipokuwa na dosari yake kubwa. Mwalimu aliyetufundisha kusema hakuweza kumwacha mtu aseme. Ukikwama kwenye neno, alilimalizia. Siku Mama Halima alipofika kwenye "uraia" akavuta pumzi, akasema "Ura...", na Mwalimu akalipuka, "Uraia!" Mama Halima akafunga kitabu. "Mwalimu, hilo neno ni langu, niachie!" Mwalimu akaomba radhi kwa moyo wote, na kwenye mstari uliofuata akafanya yale yale. Chifu akiita baraza, Mwalimu alisimama wa kwanza. "Wanafunzi wangu wanasema..." Sisi hatujasema kitu! Tulikuwa tunatafuna njugu. Lakini tulizoea, nasi tukaona raha. Akiwepo, kuna haja gani ya kujisumbua? Atatusemea.

Basi ikaja ile notisi. Ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi: ukumbi ubomolewe, pajengwe maduka ya kupangisha, na wakazi wafike siku fulani kutoa maoni. Mwalimu alitusomea akiwa amesimama nje, sauti haitikisiki. Akatueleza kwamba sheria inataka tusikilizwe, lakini wakija wakute watu wamenyamaza, wataandika kwamba wakazi hawana pingamizi, na hapo tumekwisha. Darasa limekwisha, ndondi zimekwisha, matanga tutaketi barabarani.

"Nyinyi mje wengi, mkae mbele," akasema. "Kusema nitasema mimi."

Kabla ya siku hiyo kufika, mtoto wake akanipigia simu asubuhi. Mwalimu ameanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na ulimi umemkatalia.

Sitaki kueleza nilivyolia. Nililia kibandani, mteja akiwa ananiuliza kama soksi zile zina rangi nyingine, nikamwambia hakuna, aende.

Siku ya maoni ukumbi ulijaa. Meza ilitandikwa kitambaa, na nyuma yake wakaketi maafisa, wakiongozwa na kijana mmoja mtanashati wa suti ya samawati, mwenye tabasamu la haraka. Alieleza maduka yatakavyokuwa mazuri. Akatuonyesha picha, ndani yake watu wembamba wakitembea na mifuko. Kisha akasema, "Leo hatukuja kuzungumza sisi. Tumekuja kumsikiliza Wanjiku. Karibuni."

Unajua tulifanya nini? Tuligeuka. Ukumbi mzima, mstari kwa mstari, tuligeuza shingo kutazama mlangoni, kana kwamba Wanjiku atatokea huko amechelewa kwa sababu ya mvua. Nami niligeuka. Najua tulimtazamia Mwalimu, sketi na viatu na ile sauti, na mlangoni hapakuwa na mtu.

"Hakuna?" akauliza yule kijana. Akatazama saa. Mwenzake akashika kalamu. "Basi kama hakuna mwenye pingamizi..."

Niliingiwa na hasira. Sikumkasirikia yeye peke yake. Nilijikasirikia mimi, nikawakasirikia wote waliokaa na kumeza mate. Niliona jengo lile likiondoka tukiwa tumekaa ndani yake, tumefyata. Nikasimama.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Weka kalamu chini. Wanjiku unayemtafuta umemfikia. Mimi nauza soksi Pipeline. Kusoma nimejifunzia chumba hicho cha nyuma, na mchango wa kumzika mume wangu ulifanyiwa hapo ulipoweka meza. Maduka tunayo, Eastleigh imejaa maduka. Mahali pa kulia msiba hatuna pengine. Napinga."

Nikaketi, nikidhani nimeaibika. Hapo Mama Halima akasimama, akarekebisha mtandio. Alitaja jina lake kamili, la babake na la babu yake, akasema amezaliwa mtaa huu. "Na mimi ni Wanjiku," akasema, "na hapa sitaki kuulizwa kitambulisho." Nafula akasimama. Vijana wa ndondi wakasimama, mmoja akaanza kwa Sheng, akajikatiza mwenyewe, akasema shikamoo kwanza. Wa kanisa wakasimama. Kalamu ya yule afisa haikupata nafasi ya kupumzika. Tabasamu la kijana lilififia, akasema maoni ni mengi kuliko alivyotarajia, hawawezi kuamua leo, kutakuwa na kikao kingine Alhamisi mbele ya wakubwa wake. Hatukushinda, msinielewe vibaya. Ila walikunja kitambaa chao wakaondoka na ukumbi ukabaki umesimama.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Fedha kumwona.

Alikuwa kitini karibu na dirisha, leso mapajani. Sketi hakuvaa, alivalishwa dera, na hilo liliniuma kuliko mdomo wake uliopinda. Macho yalikuwa yale yale. Yalishuka moja kwa moja kwenye ndala zangu, yakakaa hapo. Nikafurahi, haki ya Mungu, nusura nipige kigelegele.

Nikavuta kigoda nikamsimulia yote. Tulivyogeuza shingo, akafumba macho kwa aibu kwa niaba yetu. Nilivyosimama. Mama Halima na majina ya babu zake. Kijana wa ndondi na shikamoo yake, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Nilipofika kwenye habari ya Alhamisi na wakubwa, nikamwambia asiwe na wasiwasi. "Wewe pumzika, Mwalimu. Tutakusemea."

Uso wake ukabadilika. Mkono wa kushoto, ule wenye uhai, ukaondoka kwenye leso, ukapanda juu taratibu, kidole kimoja mbele, ukabaki hewani. Mwanzoni nilidhani anataka maji. Mtoto wake naye akadhani hivyo, akainuka kuleta. Mwalimu akatikisa kichwa, mkono bado uko juu, ananitazama mimi. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anaomba ruhusa ya kusema, na alikuwa anaiomba kwangu.

"Sema, Mwalimu," nikamwambia.

Akaanza. Mdomo ulihangaika, mate yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama. Nilijua neno linalokuja, lilikuwa mdomoni mwangu tayari, na mtoto wake alishafungua kinywa amsaidie. Nikamshika mkono anyamaze. Tukangoja. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anasaga kitu kwa mashine, akamaliza, nasi bado tunangoja.

"Mimi," akasema. Akapumzika. Akaanza tena. "Mimi... sijasema."

Mtoto wake akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshaanza kufikiria Alhamisi na ngazi ya mlango wa ukumbi. Vijana wa ndondi watambeba na kiti chake, mmoja kila mguu. Nafula atapiga pasi sketi. Tutamweka mbele, uso kwa uso na wakubwa wale, na akiinua mkono watampa nafasi kama wanavyompa mkazi yeyote. Hakuna atakayemmalizia neno, si mimi wala Mama Halima. Ikimchukua asubuhi nzima kutoa maneno mawili tu, watakaa na suti zao wangoje.